Gari Kuukuu, Barabara Mbovu na Mgongo wa Mzee



Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Baada ya hayo, wiki hii safu yetu yaondoka Pwani kwa muda na kupanda Nairobi, kwenye mitaa ya mashariki ya jiji ambayo wenyewe huiita Eastlands. Huko tunao jamaa wengi. Wapo wa Pumwani, ambako Uislamu na Kiswahili vimekaa pamoja tangu miaka ya 1920. Wapo wa Eastleigh, Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole na Komarock. Kutoka kwao twapata swali moja lenye sura nyingi, na aghalabu waulizao ni akina mama: gari letu ni la zamani, limekwenda kilomita nyingi, na sasa kila tuta ni adhabu. Je, tulitengeneze, tuliuze, au tuvumilie?

Wapo watakaoliona swali hili kuwa la anasa. Sisi hatulioni hivyo. Gari hilo ndilo limpelekalo nyanya kliniki, ndilo liwapelekalo watoto madrasa, na ndilo litakalomkimbiza mjamzito hospitalini saa nane za usiku. Katika nyumba moja tuijuayo, nyanya ameanza kutafuta visingizio kila siku ya kliniki ikikaribia. Leo amechoka, kesho ana wageni. Wanawe walidhani amezichoka dawa. Kumbe anachokikimbia ni ile safari yenyewe, kwa kuwa kila shimo la barabara humpiga uti wa mgongo, naye huona haya kuwalalamikia watoto waliojinyima ili wanunue gari. Pale mzee anapoacha matibabu kwa sababu ya chuma na mpira vilivyochakaa, mambo hayo huwa si ya fundi peke yake.

Kwa nini gari huchakaa upesi huko

Sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakulima na wahandisi huuita udongo wa pamba. Mvua ikinyesha, udongo huo huvimba. Jua likiwaka, hunywea na kupasuka. Barabara iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huinuka na kushuka pamoja nao, lami hukatika, maji huingia, na shimo huzaliwa. Ongeza matuta yaliyojengwa kila baada ya hatua chache katika njia za ndani ya mitaa, mengine kwa mikono ya wakazi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, nawe utafahamu kwa nini gari la Kayole huzeeka kabla ya umri wake.

Sababu ya pili ni asili ya magari yenyewe. Mengi ya magari ya familia nchini Kenya huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakashushwa katika bandari yetu ya Mombasa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa hiyo walio wengi hununua gari la miaka 7. Familia ikikaa nalo miaka 10, mpira uliomo chini yake una umri wa miaka 17. Mpira huzeeka kwa miaka kama uzeekavyo kwa mwendo; hukauka na kupasuka hata gari likiwa limesimama. Basi usiitegemee saa ya kilomita peke yake. Wapo wasiomcha Mungu wanaoirudisha nyuma, na hata ikiwa ni ya kweli, haihesabu mashimo.

Kwetu Pwani adui ni mwingine. Hewa ya chumvi huila springi kwa kutu mpaka ikakatika, ilhali mipira yaweza kuwa bado mizima. Gari litokalo Mombasa likaenda kuishi Umoja huonja yote mawili.

Vitu vinavyoubeba mwili wa gari

Si lazima mama mwenye gari awe fundi, lakini yafaa ajue majina ya vitu ambavyo ataambiwa avilipie.

Cha kwanza ni springi, chuma kilichosokotwa ambacho hubeba uzito wa gari. Springi peke yake hudunda. Mfano wake ni godoro la springi ambalo watoto hulirukia: humrusha mtoto juu tena na tena.

Cha pili ni shoki. Kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Shoki ikichoka, au mafuta yakivuja, springi hubaki bila wa kuikanya. Gari huyumba kama mashua, pua yake huinama mno breki inapokanyagwa, na tairi hurukaruka badala ya kushika barabara. Tairi ambayo haikugusa chini haiwezi kufunga breki. Kwa hiyo shoki mbovu huongeza umbali wa kusimama, jambo ambalo wengi hawalifikirii, kwa kuwa wao husikia maumivu ya mgongo tu.

Cha tatu ni bushi, mipira iliyoshindiliwa kwenye maungo ya chuma. Bibi zetu walipobeba ndoo ya maji kichwani waliweka kata, ile pete ya nguo au majani, ili uzito usikae juu ya mfupa. Bushi ndiyo kata ya gari. Ikipasuka, chuma hugonga chuma, na mgongo wa abiria hupokea kila pigo. Pamoja nayo ipo mauntingi ya shoki, mpira uliopo juu pale shoki inaposhikana na mwili wa gari, na linki, kijiti kifupi ambacho kikilegea hutoa mlio wa kokoko kwenye vishimo vidogo.

Cha nne ni boljointi na tairodi, viungo vinavyoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Hivi havihusu raha. Boljointi ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala upande na dereva hana tena usukani wa kuongoza. Yeyote aliyeona gari limepiga magoti katikati ya Barabara ya Jogoo anajua tunalolisema.

Anza na yasiyogharimu

Kabla ya kutoa shilingi, tazama upepo wa magurudumu. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wengi hujaza kupita kiasi wakidhani tairi ngumu hudumu zaidi, na gari likawa gumu kama mkokoteni. Upime magurudumu yakiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Kisha toa mizigo inayolala kwenye buti mwaka mzima.

Tazama pia mahali anapoketi mzee. Katika magari ya safu tatu za viti kama Toyota Wish na Noah, safu ya mwisho iko juu ya magurudumu ya nyuma, na hapo ndipo mtikisiko huwa mkali zaidi. Mgonjwa na mjamzito wasiketishwe huko. Kiti cha mbele au safu ya katikati ina afueni kubwa, na mto mdogo kiunoni husaidia.

Dereva naye ana sehemu yake. Breki ikanyagwe kabla ya tuta, kisha iachiliwe kidogo kabla gurudumu halijaligusa. Anayepanda tuta huku amekanyaga breki huwa amekwisha kuziminya springi za mbele, nazo hazina tena nafasi ya kulipokea pigo.

Baada ya hayo, fanya uchunguzi mdogo. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha uachilie. Likipanda na kutulia, shoki bado ina uhai. Likiendelea kudunda, imechoka. Jaribio hili halitoshi peke yake, kwani shoki dhaifu huweza kulipita, lakini likishindwa jibu limepatikana. Chungulia nyuma ya gurudumu uone kama shoki imelowa mafuta. Pitisha kiganja juu ya tairi: ikiwa na mabonde na vilima, au imelika upande mmoja, kuna kilicholegea. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa shoki hushauri zikaguliwe zikifikia kilomita 80,000. Kwa barabara za Eastlands, sisi twaona kungoja hadi hapo ni kuchelewa.

Lipi litangulie

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Fundi hutaja vitu kumi kwa pamoja, na fedha iliyopo yatosha vitatu. Wanazuoni wetu wa usuli, miongoni mwao Imam al-Ghazali na Imam al-Shatibi, waliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura, ambayo yakikosekana maisha huharibika, ya haja, ambayo yakikosekana watu huingia katika uzito na mashaka, na ya kupendezesha, ambayo hukamilisha uzuri. Kipimo hiki chafaa hata gereji.

Boljointi na tairodi zilizolegea ni za dharura. Zibadilishwe kabla ya safari nyingine, hata ikibidi familia ipande matatu kwa wiki mbili. Springi iliyokatika nayo imo humo, kwa kuwa ncha yake huweza kuchana tairi. Shoki zilizokwisha zinafuata mara moja, kwa sababu ya breki. Kisha huja bushi, mauntingi na linki, ambazo kwa kijana mwenye afya ni jambo la haja ndogo tu. Mwisho kabisa ni rimu za kung'aa, redio na rangi.

Lakini twaongeza neno. Daraja hubadilika kulingana na anayepanda. Raha ambayo kwa kijana ni pambo, kwa nyanya mwenye mifupa iliyochoka ni haja, na pengine zaidi ya haja ikiwa kwa kuikosa anaacha kliniki. Kijana wa nyumba asiseme kuwa yeye haoni tatizo katika gari. Ajiulize nani mwingine hulipanda. Wema kwa wazazi haukomei kwenye maneno laini; huingia mpaka kwenye mpira wa bushi.

Nayo mambo haya yaweza kufanywa kwa awamu. Mwezi huu mbele, mwezi ujao nyuma. Kilicho lazima ni kwamba shoki hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto kwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili, gari halitakaa sawa kwenye kona wala kwenye breki. Heri kungoja na kukusanya kupitia chama cha akina mama, ambapo kila mmoja hupokea zamu yake bila nyongeza, kuliko kukimbilia mkopo wa riba wa simu ambao utakuwa ungali ukilipwa siku bushi hizo zitakapopasuka tena.

Kununua spea

Spea hupatikana Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan kwa jina lake la zamani, na Eneo la Viwanda, na hata Kariobangi kwenye karakana za mafundi wa jua kali. Nenda na nambari ya chesisi, kwa sababu magari mawili ya jina moja huweza kutofautiana kwa mwaka. Uliza bei katika maduka matatu kabla ya kutoa mkono.

Utaonyeshwa namna tatu: spea ya asili ya kampuni ya gari, spea mpya ya kampuni nyingine, na spea iliyotumika iliyotoka Japani. Ya tatu yaweza kufaa kwa mkono wa chuma au kwa mlango. Kwa shoki na mipira haifai, kwani unanunua uzee uleule ulioukimbia. Jihadhari na maboksi yenye jina la kampuni kubwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji mwaminifu hutoa risiti yenye jina la duka na muhula wa dhamana.

Kuna na bushi za plastiki ngumu, poliyurethani, zinazosifiwa kwa kudumu. Ni kweli hudumu, lakini nyingi ni ngumu kuliko mpira. Anayetafuta utulivu wa mzee achague mpira. Na ukiambiwa shoki iliyokwisha yaweza kutobolewa, kujazwa mafuta na kuzibwa, kataa. Kadhalika yale madonge ya mpira yanayopachikwa kati ya springi ili gari liinuke. Huliinua, lakini huzuia springi kucheza na kulifanya kuwa gumu.

Kwenye gereji

Dada zetu wengi hulalamika kwamba wakifika peke yao bei hupanda na maelezo hupungua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu ametufundisha kwamba kuandika si kumdhania mtu ubaya. Ni kumlinda kila mmoja asisahau wala asiingiwe na shaka. Basi iandikwe orodha ya kazi, bei ya kila spea na malipo ya fundi, kabla spana haijashikwa. Ukienda na kaka au mwana, aende kama shahidi, si kama msemaji wako.

Muombe fundi aliinue gari na akuonyeshe kwa macho. "Mama, bushi imekufa," atasema. Nawe ujibu kwa upole, "Haya, fundi, itikise nione." Fundi ajuaye kazi hufurahi kuulizwa. Sharti jingine: kila kitu kikuukuu kinachotolewa kirudishwe mikononi mwako.

Mambo matatu uyasimamie. Kwanza, springi ya mbele iminywe kwa kifaa chake maalumu kabla ya kufunguliwa, na gari lisimame juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake. Springi iliyominywa ina nguvu ya kuua, na fundi huyo naye ni mtoto wa watu. Pili, boliti za bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hukaa umejipinda kila wakati gari likiwa chini, na kupasuka kabla ya siku zake. Wengi hulaumu spea kwa kosa hili. Tatu, baada ya kazi gari lipelekwe kulinganishwa magurudumu, la sivyo tairi mpya zitalika upande. Kisha lijaribiwe kwenye barabara ileile iliyokuwa ikiumiza, kabla ya malipo ya mwisho.

Kuliuza na kuficha aibu yake

Yupo atakayesema: kwa nini taabu yote hii, si tuliuze? Kuliuza ni halali. Na ikiwa kutu imekula mwili wenyewe pale shoki inaposhikilia, kuliacha ni busara zaidi kuliko kulitengeneza. Ila tumesikia ushauri unaotembea mitaani: futa mafuta kwenye shoki, paka rangi nyeusi mpira uliopasuka, mfanyie mnunuzi jaribio kwenye lami laini.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu uliofichwa chini. Muuzaji alijitetea kwamba ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulionyeshewa juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Boljointi iliyofichwa ni nzito kuliko nafaka iliyolowa, kwa sababu atakayeipanda huenda ni mjamzito wa nyumba nyingine, na mwenye kuficha atalala usingizi huku amana ya roho hiyo ikiwa shingoni mwake. Taja aibu ya gari, punguza bei, na ulichokipata kitakuwa na baraka.

Kwa wale wenye kuamua kulitengeneza, tusiwape tamaa isiyo ya kweli. Spea mpya hazirudishi gari kuwa la jana, wala haziondoi mashimo ya barabara, ambayo wakazi wana haki ya kuyadai kwa wawakilishi wao. Lakini gari lililotengenezwa kwa mpango, kuanzia cha dharura hadi cha haja, laweza kumfikisha nyanya kliniki akiwa ameshika tasbihi badala ya kushika kiuno. Na siku ya kliniki ikikaribia, muulizeni mwenyewe safari ilikuwaje. Wazee wetu wengi husema hapana neno. Sikilizeni namna wanavyolisema.

Twamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awahifadhi wasafiri wetu, na azibariki nyumba zetu. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.